Kutoka Gamba la Pwani Hadi Paa la Mbao

Maji yakipwa kwenye fukwe zetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mchangani huonekana gamba bapa la mviringo, jepesi, lenye mchoro wa petali tano mgongoni. Watoto huliokota na kulichezea. Mwenyewe aliyeishi ndani yake ni ndugu wa yule mdudu wa bahari mwenye miiba mirefu anayewachoma wavuvi miguuni. Ukilichunguza kwa karibu utaona kwamba halikumiminwa kwa mkupuo mmoja. Limeundwa kwa mabamba mengi madogo ya chokaa yaliyoshikana ukingo kwa ukingo, na penye kushikana kila bamba limetoa vijino vinavyoingia katika jirani yake.

Mwaka 2011 gamba la jamii hii liliwaongoza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, kujenga banda la maonyesho lenye ujazo wa mita za ujazo 200, kwa plaiwudi ya unene wa milimita 6.5. Plaiwudi ya unene huo huku kwetu huwekwa nyuma ya kabati. Wao waliisimamisha nje, kwenye eneo la chuo katikati ya jiji, ikawa ukuta na paa kwa pamoja, bila nguzo hata moja.

Nataka kulieleza banda hilo kwa kirefu, kwa sababu kuiga maumbile ni wazo linalowavutia sana wanafunzi wa usanifu majengo, na ni wazo linalowaangusha wengi wao vilevile. Mwanafunzi hubandika ukutani picha ya mbuyu, kiota cha mnana au kichuguu, na pembeni yake mchoro wa jengo lenye umbo lilelile. Mchoro unapendeza. Kisha mmoja wa wanajopo anauliza: hii inajengwaje? Hapo ndipo ukimya huanza. Naamini ukimya huo hautokani na upungufu wa kipaji. Unatokana na kuchukua sura ya kiumbe na kuiacha kazi yake. Umbo halimwambii fundi aanze wapi. Kazi ya umbo humwambia, mradi mwanafunzi ameifuatilia hadi pale kipande kimoja kinapokutana na kingine.

Taasisi mbili za chuo cha Stuttgart ndizo zilizosimamia kazi ile, moja ikiongozwa na msanifu Achim Menges na nyingine na mhandisi Jan Knippers, wakishirikiana na wanabiolojia. Hawakuanza kwa kuchora gamba. Walianza kwa kuuliza linabebaje mzigo wa mawimbi na mchanga ilhali ni jembamba kiasi kile.

Jibu lilikuwa kwenye kona. Katika gamba hili mabamba hukutana matatu matatu. Popote kingo zinapokutana pana mabamba matatu tu, si manne wala matano. Jambo hilo dogo lina matokeo makubwa. Mabamba yakikutana matatu katika kila kona, kila moja huzuiwa na wenzake wawili lisigeuke, na kani husafiri kutoka bamba hadi bamba kwa kusukumana, kuvutana na kuburuzana sambamba na ukingo. Kiungo hakilazimiki kupinga mkunjo. Hata ukikifunga kwa bawaba, gamba zima hubaki gumu. Mhandisi wa Denmark aitwaye Ture Wester alikuwa ameieleza kanuni hii miaka mingi kabla ya banda la Stuttgart.

Sasa iangalie plaiwudi. Ukiunganisha vipande viwili vyembamba kwa meno yanayoingiliana, kama seremala anavyofunga kona za droo, kisha ukatia gundi, unapata kiungo kinachostahimili sana kuburuzwa na kusukumwa. Jaribu kukikunja, kitaachia. Kwa hiyo kanuni ya gamba na udhaifu wa mbao vilifaana kikamilifu: kile ambacho mbao haiwezi kukifanya ndicho ambacho umbo hili haliitaki ikifanye. Kwangu mimi, hiyo ndiyo dakika ambayo wazo liligeuka kuwa jengo. Kompyuta na roboti zilikuja baadaye.

Wanafunzi wakachukua mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba vipande havina ukubwa mmoja. Mahali ambapo mkunjo wa banda ni mdogo waliweka vyumba vya mbao vyenye urefu unaozidi mita 2. Kingoni, ambako umbo linapinda sana, vyumba hivyo vilipungua hadi nusu mita. La pili ni ngazi mbili za viungo. Mabamba ya chumba kimoja yaliunganishwa kwa meno na gundi, moja kwa moja, yasiachane tena. Vyumba vyenyewe viliunganishwa kwa skrubu za kawaida, ili banda liweze kufunguliwa na kuhamishwa. Petali tano, ambazo kiumbe huzitumia kupumulia, hazikuingia katika mchoro kabisa. Anayelitazama banda lile bila kuambiwa hawezi kukisia kwa urahisi kwamba lilitoka ufukweni.

Zilihitajika sehemu zaidi ya 850 zisizofanana, pamoja na meno zaidi ya 100,000, yote yakichongwa na roboti moja ya kiwandani kutokana na data iliyotoka moja kwa moja kwenye mchoro. Banda lilikuwa jepesi kiasi kwamba tatizo lake kubwa halikuwa kuanguka bali kupeperushwa, hivyo likafungwa ardhini.

Kanuni ileile haikuishia kwenye maonyesho ya wanafunzi. Mwaka 2014, mjini Schwäbisch Gmünd, ilijenga ukumbi wenye kuta za kuzuia baridi na maji, kwa mabamba 243 ya plaiwudi ya milimita 50, na mbao yote iliyobeba jengo ilikuwa mita za ujazo 12 tu. Mwaka 2019, mjini Heilbronn, paa la sehemu 376 liliruka mita 30 bila nguzo katikati.

Kichuguu na Harare

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, nao una funzo gumu zaidi.

Jengo la Eastgate, Harare, lilifunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup, walitaka jengo kubwa la maduka na ofisi lisilotegemea viyoyozi. Pearce alivutiwa na vichuguu. Maelezo yaliyokubalika wakati ule yalitoka kwa mwanasayansi wa Uswisi, Martin Lüscher, aliyesema kwamba joto la kiota hupandisha hewa juu, hewa hiyo ikapoa kwenye kuta za kichuguu na kushuka tena, hivyo kiota kikabaki na nyuzijoto zilezile.

Eastgate ilifanya hivi: usiku feni husukuma hewa ya baridi kwa wingi kupitia matundu yaliyomo ndani ya sakafu, zege likapoa. Mchana hewa huingizwa kidogo kidogo, ikapita kwenye zege lililopoa kabla ya kufika ofisini, na ile iliyochoka ikatokea juu kupitia safu ya mabomba ya moshi ya matofali. Inafanya kazi hadi leo, na imetajwa katika karibu kila kitabu kinachozungumzia usanifu wa kuiga maumbile.

Baadaye watafiti walirudi kwenye vichuguu vyenyewe. Scott Turner na Rupert Soar, katika andiko lao la mwaka 2008, walionyesha kwamba kichuguu hakifanyi kazi jinsi ilivyodhaniwa. Nyuzijoto za kiota hufuata zaidi zile za udongo unaokizunguka, na kichuguu hufanana na pafu: upepo wa nje unaobadilikabadilika huchanganya hewa ndani, hewa chafu ikatoka na safi ikaingia. Maana yake ni kwamba jengo maarufu kuliko yote lililoiga mchwa liliiga kitu ambacho mchwa hawakifanyi.

Mtu anaweza kulitumia hilo kuupuuza usanifu wa namna hii. Mimi nauona ushahidi wa kinyume. Eastgate haikutetereka, kwa sababu wahandisi hawakumwachia mchwa hesabu. Walipima uzito wa zege, ukubwa wa feni, tofauti ya joto kati ya mchana na usiku wa Harare, na wakalithibitisha jengo kwa vipimo vyake lenyewe. Kiumbe alitoa dhana. Uthibitisho ulitoka kwingine. Mwanafunzi anayeandika kwamba jengo lake litakuwa na ubaridi kwa kuwa kichuguu kina ubaridi hajathibitisha chochote, hata kama kichuguu kweli kina ubaridi.

Na pana jambo la mahali. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi ya kutosha kulipoza zege. Chukua mfumo uleule uupeleke Dar es Salaam au Mombasa, utakuta usiku una joto na unyevu, na zege litaamka asubuhi bado lina uvuguvugu wa jana. Pwani mwili hupozwa na upepo unaoupitia, na kivuli. Kwa hiyo mwanafunzi wa pwani anayetaka kujifunza kutoka kwa kiumbe atafute kiumbe anayeshughulika na tatizo la pwani. Kama kichuguu chake kimekuwa kizuri mno kukiacha, basi ajifunze habari ya upepo na si ya ubaridi wa kuta.

Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, kampuni ya msanifu Francis Kéré ilikamilisha mwaka 2021 kituo cha vijana cha Startup Lions. Minara yake mirefu inakumbusha vichuguu vilivyotapakaa eneo lile, nayo ina kazi: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa mpya huvutwa kutoka kwenye matundu ya chini. Kuta ni za mawe yaliyochimbwa hukohuko. Ukiviondoa vichuguu kwenye maelezo, minara ile bado ina sababu ya kuwepo. Hicho ndicho kipimo ninachokipenda: elezea jengo lako kwa sentensi moja bila kumtaja kiumbe. Kama sentensi imebaki na maana, wazo limekomaa.

Ukubwa, na mti uliopo

Kabla ya kufika karakana kuna mtego mwingine, nao ulielezwa na Galileo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ukikikuza kitu mara 10 kwa kila upande, eneo la mkato wa mifupa yake huongezeka mara 100, lakini uzito wake huongezeka mara 1,000. Gamba la sentimita 10 likigeuzwa kuwa paa la mita 10 limekuzwa mara 100. Uzito umepanda mara milioni moja, na eneo la kuubeba limepanda mara 10,000 tu. Ndiyo maana mfano wa karatasi husimama wenyewe mezani na jengo lake likaporomoka. Kinachovuka kutoka kwenye udogo hadi ukubwa ni mpangilio wa kani. Unene hauvuki nao, na lazima ukokotolewe upya.

Baada ya hapo ndipo inakuja nyenzo. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina vyumba virefu vyembamba, upana wake ukizunguka mita 2.5 hadi 3, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko iliweza kubeba dari nzito la mawe na chokaa. Waashi wale hawakuchora chumba kisha wakatafuta mti wa kukitosha. Mti ulikuwepo, chumba kikaufuata. Hakuna maumbile yaliyoingia katika usanifu wetu kwa undani kuliko hayo, na wala hayana umbo la mmea wala mnyama.

Kéré huyohuyo alifanya vivyo hivyo alipokuwa bado mwanafunzi mjini Berlin. Shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, ilikamilika mwaka 2001, kabla hajahitimu, na mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati. Mihimili mizito ya chuma ingehitaji barabara na kreni, navyo havikuwepo. Akaisanifu kwa nondo za kawaida zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea, kazi ambayo wanakijiji walifundishwa na kuifanya wenyewe. Mchoro ulizaliwa ukiwa unamjua atakayeujenga.

Bila roboti

Turudi kwenye gamba, tuulize swali ambalo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala angeliuliza: bila roboti ya Stuttgart, je, kanuni hii inajengeka?

Hesabu ya haraka inatisha. Kama kila jino lingemchukua fundi dakika moja tu, meno 100,000 yangekula saa 1,667, yaani zaidi ya siku 200 za kazi ya saa nane, achilia mbali kupima sehemu 850 zisizofanana. Kosa moja la nyuzi mbili kwenye sehemu ya kumi, na ya mia moja haitaingia.

Jørn Utzon alikutana na tatizo la namna hii Sydney. Alishinda shindano la jumba la opera mwaka 1957 kwa mapaa mazuri yasiyo na kanuni, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua yatajengwaje. Mwaka 1961 ufumbuzi ukapatikana: mapaa yote yakatwe kutoka kwenye uso wa tufe moja. Mkunjo ukawa mmoja kila mahali, na mbavu za zege zikaweza kumiminwa kwa kurudia kalibu zilezile. Umbo lilibadilika kidogo, wazo likabaki, na jumba likafunguliwa mwaka 1973.

Tufanye hivyo kwa gamba letu. Tunahitaji mabamba yanayokutana matatu matatu, yenye aina chache iwezekanavyo. Mpira wa miguu wa kizamani, ule wa vipande vyeusi na vyeupe, unalo jibu: pembetano 12 na pembesita 20, kingo zote zina urefu mmoja, na katika kila kona vipande vitatu hukutana. Kutoka sehemu 850 zisizofanana tumeshuka hadi aina mbili. Pembe za kukutana nazo ni mbili tu: pembesita kwa pembesita ni nyuzi 138 hivi, pembesita kwa pembetano ni nyuzi 143 hivi. Maana yake, msumeno wa meza unahitaji kuinamishwa mara mbili tu katika kazi nzima, karibu nyuzi 21 na karibu nyuzi 19. Pembetano hukatwa kingo zote kwa nyuzi 19. Pembesita kingo zake hupokezana, moja ya 21, inayofuata ya 19.

Ukubwa uamuliwe na duka. Plaiwudi inauzwa kwa shiti la futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Pembesita yenye ukingo wa sentimita 60 ina sentimita 120 kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwa hiyo zinaingia mbili katika shiti moja bila kubana. Pembetano ni ndogo zaidi, nazo zinaingia mbili. Tufe zima litakuwa na kipenyo cha karibu mita 3. Ondoa pembetano ya chini kabisa na pembesita tano zinazoizunguka ili lipate kukaa ardhini, yanabaki mabamba 26. Ondoa pembesita moja zaidi iwe mlango, yanabaki 25. Yanatoka katika mashiti 13. Kimo ni karibu mita 2.5, na mlango una kimo cha mita 1.3 hivi, hivyo mtu mzima atainama kuingia. Ni banda la kusomea kivulini uwanjani mwa chuo, na kwa mradi wa muhula mmoja linatosha kabisa.

Sasa faida ya kanuni inaonekana. Kwa kuwa kiungo hakilazimiki kupinga mkunjo, hatuhitaji meno 100,000. Vipande vya bati nene vilivyokunjwa kwa pembe ile, viwili kwa kila ukingo, vikifungwa kwa boliti na washa pana, vinaweza kutosha kwa banda la ukubwa huu, na kazi hiyo yuko fundi bati wa kila mtaa anayeiweza. Nasisitiza neno vinaweza: mwanafunzi achukue mabamba mawili halisi, ayaunganishe, ayabebeshe magunia ya mchanga hadi kiungo kiachie, aandike uzito ulioyaachanisha. Kona moja kamili ya mabamba matatu, ikiwa ya ukubwa halisi, inalifundisha jopo mambo mengi kuliko picha kumi za kompyuta. Ninaamini ingefaa iwe sharti la kupita: kona moja, ukubwa halisi, imebebeshwa mzigo.

Kona hiyo itafichua yale ambayo mchoro huyaficha. Plaiwudi hukatwa kwa kingo zilizo wazi, na ukingo ulio wazi hunywa maji kama haukuzibwa. Mlalo wa nyuzi za mbao hubadilisha nguvu ya bamba. Tundu la boliti likikaribia mno ukingo, mbao hupasuka. Mvua za masika zitaingia kwenye kila mwanya kati ya mabamba, kwa hiyo juu ya kila kiungo unahitajika mkanda wa kuzuia maji, na mkanda huo lazima uweze kubanduliwa siku ya kulihamisha banda. Na mchwa, ambao tumewasifu kwa ujenzi wao, wataila plaiwudi iliyogusa udongo. Mabamba ya chini yakae juu ya misingi midogo ya zege, sentimita 20 au 30 kutoka ardhini.

Upepo usisahaulike. Kwa plaiwudi ya milimita 18, kila mita ya mraba ya banda hili ina uzito wa karibu kilo 10, na banda zima halizidi sana kilo 200. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Stuttgart walifunga banda lao ardhini kwa sababu hiyohiyo. Hapa kuna ncha tano tu zinazogusa chini, ncha za zile pembetano tano za mwisho. Kila ncha ipate msingi wake na boliti iliyozamishwa katika zege, na ncha zote tano ziunganishwe kwa mkanda wa chuma unaozunguka ili zisitanuke. Ukingo wa chini ndio sehemu dhaifu ya gamba lolote, kwa sababu pale ndipo mabamba yanapokosa jirani wa tatu. Mlango nao ni ukingo wa namna hiyo, na unahitaji fremu.

Mkadiriaji majenzi akiulizwa mapema atasema mengine ambayo msanifu hayapendi kuyasikia: kwamba mabaki ya kila shiti ni mengi kwa sababu pembesita haijazi mstatili, na kwamba boliti na bati zikijumlishwa zinaweza kukaribia gharama ya mbao yenyewe. Mabaki ya pembeni yanatosha kutengeneza mabenchi ya ndani. Hilo nalo lichorwe tangu mwanzo, kwenye karatasi ileile ya ukataji, ili seremala asiyatupe.

Linabaki suala la kusimamisha, nalo wanafunzi wengi huliacha hadi siku yenyewe. Kujenga kuanzia chini kungehitaji jukwaa na mihimili ya kuyashikilia mabamba yaliyoinama. Njia nyepesi ni kuanza juu. Pembetano ya kileleni na pembesita tano zinazoizunguka zinafungwa ardhini, mahali pa uwazi. Uzito wake ni kilo 52 hivi, na watu sita wanauinua bila shida. Zinawekwa juu ya vigoda, kisha mzunguko wa pili wa mabamba 10 unafungwa chini yake, na kamba inapitishwa ukingoni kuzuia mabamba yasitawanyike wakati wa kuinua. Sasa ni karibu kilo 130. Watu kumi wanainua kwa sauti ya mmoja, wengine wanasogeza vigoda virefu zaidi, na mzunguko wa mwisho unaingia. Boliti zote ziachwe zimelegea kidogo hadi bamba la mwisho likae mahali pake, ndipo zikazwe kwa mzunguko, kuanzia kileleni kushuka chini, kabla kamba haijafunguliwa.